Kushuka Hakukuwamo Kwenye Bajeti: Kisa cha Klabu ya Jogingi ya Tanga Mlimani Kilimanjaro

Kuhusu kisa hiki

Nakiandika mimi niliyekuwa katibu wa safari. Majina nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, na kampuni iliyotupandisha itabaki kuitwa kampuni tu. Wahusika nawaita kwa kazi zao, kama tunavyoitana wenyewe klabuni: Mwalimu, Fundi, Shangazi, Dereva, Mweka Hazina. Wote wamekisoma kabla hakijatoka. Mweka Hazina alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiandike alichokisema tulipofika Segera wakati wa kurudi. Sharti hilo nitaliheshimu.

Siku hizi vikundi vingi vya pwani vinachanga kwenda Kilimanjaro, na baadhi yao hunipigia simu. Wanauliza jaketi zinapatikana wapi, buti zikodiwe au zinunuliwe, chakula kikoje. Jaketi na buti zinakodishwa Moshi na Marangu, hilo halina shida. Sijasikia hata mmoja akiuliza: mtu akiugua huko juu mnamshushaje, nani anashuka naye, na kwa fedha ipi? Sisi pia hatukuuliza.

Usuli

Klabu yetu hukutana kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Tunatoka Ngamiani, tunavuka reli, tunapita mjini hadi Raskazone, tunaugusa ufukwe na kurudi, nyimbo njia nzima. Wanachama ni mchanganyiko wa mafundi, walimu, wauza samaki, madereva na akina mama wa nyumbani.

Wazo la Kilimanjaro lilitoka kwa Mwalimu, mama wa miaka 57 aliyekuwa anakaribia kustaafu. Amefundisha historia miaka mingi, na kila mwaka huwaeleza watoto jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyoupandisha Mwenge wa Uhuru kileleni Desemba 1961. Siku moja mwanafunzi akamuuliza kama yeye amewahi kufika. Swali hilo, anasema, lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Tukachanga kwa miezi kumi na minne. Waliomaliza mchango ni kumi na mmoja, wanaume saba na wanawake wanne, mdogo kabisa miaka 23. Fundi, anayetengeneza baiskeli Ngamiani, alikuwa na miaka 31 na ndiye mwenye mbio kuliko wote. Hakuna Jumamosi aliyoshindwa kufika Raskazone wa kwanza.

Maandalizi, na maamuzi matatu

Uamuzi wa kwanza ulihusu wakati. Januari na Februari ni kiangazi kizuri mlimani, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Tukachagua Februari. Uamuzi huo ulikuwa sawa, ila ulitufunga: tarehe ya kurudi haikuweza kusogea.

Uamuzi wa pili ulihusu njia. Tulichagua Marangu kwa sababu ndiyo njia pekee yenye mabanda ya kulala, nyingine zote ni mahema. Shangazi alisema wazi kwamba yeye na hema ni mambo mawili. Vituo vya Marangu ni vitatu: Mandara, takriban mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo, 3,720, na Kibo, 4,720. Kutoka Kibo watu huondoka usiku wa manane kwenda Gilman's Point kwenye mdomo wa volkano, kisha Uhuru, mita 5,895.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugharimu. Kampuni ilitupa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita. Ya sita huongeza usiku wa pili Horombo: mchana mnapanda hadi kwenye miamba yenye michirizi kama ya pundamilia, mnarudi kulala palepale. Mweka Hazina akauliza, na swali lilikuwa la haki: "Siku nzima tunalipa ili tusiende popote?" Kila siku ndani ya hifadhi ina tozo, ina mishahara ya viongozi na wapagazi, ina chakula. Ukizidisha kwa watu kumi na mmoja inakuwa fedha ya kununua mashine ya kushonea. Tukapiga kura, siku tano zikapita kwa kura nane kwa tatu. Mimi nilikuwa kwenye wale nane.

Mazoezi tuliyafanya. Tuliongeza mbio, tukapanda ngazi, tukaenda Lushoto wikiendi mbili na kutembea msitu wa Magamba. Watu walirudi vifua mbele. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Usambara nzima haina kilele kinachofika mita 2,500, na ni kuanzia urefu huo hivi ndipo ugonjwa wa mwinuko, ule wa mwili kukosa oksijeni ya kutosha, huanza kuwapata watu. Lushoto ilitupima magoti na mapafu. Ule mtihani wenyewe haukuwamo.

Halafu kulikuwa na fulana. Dereva ana shemeji mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa nguo, akatufanyia bei ya undugu. Fulana za njano, mgongoni zimeandikwa NIMEFIKA KILELE. Tulizipokea wiki mbili kabla ya kuondoka, tukapiga picha tumezivaa, picha ikazunguka mtaa mzima.

Kutoka Kange hadi getini

Tuliondoka stendi ya Kange na Kosta ya kukodi, alfajiri. Muheza tukanunua machungwa, Segera tukashika barabara kuu ya kaskazini, Mombo tukala, milima ya Upare ikatusindikiza mkono wa kulia mpaka Same na kuendelea. Himo tukakata kwenda Marangu. Ni zaidi ya kilomita 300, na tulifika jua halijazama.

Tulilala Marangu usiku mmoja kabla ya kupanda. Hili lilikuwa wazo la Mwalimu na lilikuwa jema. Wapo wanaotoka pwani usiku, wakafika getini asubuhi na kuanza kupanda wakiwa na usingizi wa basi machoni.

Getini tulipoteza saa mbili kwa makosa yetu wenyewe. Raia hulipa tozo ndogo mno ukilinganisha na mgeni, lakini lazima uthibitishe uraia, na mwenzetu mmoja alikuwa ameacha kitambulisho cha taifa kwenye suruali nyingine, Tanga. Pia tulikuwa tumenunua Himo katoni nne za maji ya chupa. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Katoni zikabaki kwenye Kosta, tukakimbizana kutafuta chupa za kujazia. Anayesoma hii abebe chupa ngumu mbili za lita moja, na moja iwe ya kuhifadhi joto, kwa sababu usiku wa kilele maji huganda hata kwenye mrija.

Mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani. Wao wenyewe huitwa wagumu, na ukiwaona wanavyopanda na mizigo kichwani huku wakikusalimia utakubali jina limewakaa. Shangazi alilazimika kutoa sufuria yake.

Siku ya kwanza: Mandara

Msitu wa chini ni baridi ya kupendeza, una mbega na kima, na maji yanasikika muda wote. Ni saa tatu au nne za kutembea. Kiongozi mkuu, mtu wa makamo, mzaliwa wa hukohuko, alitangulia kwa mwendo wa bibi harusi. Vijana wetu wakacheka. Baada ya nusu saa Fundi na wenzake watatu wakampita. Akawaita, wakapunguza, akageuka kuzungumza na Shangazi, wakampita tena. Walifika Mandara saa nzima kabla yetu tukawakuta wanacheza karata.

Jioni kiongozi alipita banda kwa banda na maswali yake: kichwa, tumbo, hamu ya kula, usingizi. Alikuwa na kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Kwa Shangazi kilikataa kusoma. Alikuwa ametoka harusini wiki iliyopita, kucha zote nyeusi kwa piko. Rangi nyeusi huweza kukizuia au kukidanganya kipimo, kwa hiyo kikabanwa kwenye ncha ya sikio. Wanawake wa pwani tuliache hili liwe somo la bure: bakizeni hata kidole kimoja bila piko.

Udhu kwa maji ya Mandara alfajiri ni jihadi ndogo. Horombo wengine walitayamamu.

Siku ya pili: Horombo

Msitu ulikatika, tukaingia kwenye vichaka vya chini na upepo. Jua kali, kivuli baridi. Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa Horombo, juu ya mawingu, na watu wakasahau uchovu kwa kupiga picha.

Yaliyotokea kwenye banda la vijana jioni hiyo niliyajua baadaye. Fundi alikuwa na maumivu ya kichwa tangu mchana. Alimeza panadoli mbili kimya. Chakula cha jioni alikisogeza kwa mwenzake chini ya meza. Saa mbili usiku akatapika nyuma ya banda, na wenzake watatu wakajua. Mmoja akasema, "Hiyo malaria, kaka." Kwetu Tanga kichwa kikiuma, jina la kwanza linalotajwa ni hilo, na mara nyingi jina linakuwa la kweli. Mwingine alikuwa na dawa ya mseto begini, akampa dozi ya kwanza. Wakakubaliana kiongozi asiambiwe.

Kiongozi alipopita na maswali, Fundi alijibu yuko fiti. Kipimo kilisoma 80. Kwa mwinuko ule wengi wetu tulisoma kati ya 85 na 90. Kiongozi akakunja uso, akamwambia vidole vina baridi, apashe moto, atarudi kumpima. Akaitwa banda jingine ambako mtu wa kikundi kingine alikuwa hoi, na hakurudi.

Siku ya tatu: kwenye tandiko

Kama tungekuwa na mpango wa siku sita, siku hii tungelala tena Horombo. Badala yake saa mbili asubuhi tulishika njia ya Kibo. Mweka Hazina alibaki na msaidizi mmoja wa kiongozi kwa sababu ya goti, kwa hiyo tulikuwa kumi na viongozi wawili. Wagumu walitangulia kama desturi yao, ili mkifika mkute chai.

Baada ya mahali panapoitwa maji ya mwisho, njia huingia kwenye tandiko, jangwa pana kati ya Kibo na Mawenzi. Hakuna mti, hakuna jani. Fundi, ambaye siku ya kwanza tulimwita arudi nyuma, sasa alikuwa wa mwisho. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa asili yangu, kwa hiyo nikawa naye. Karibu saa sita mchana nikaona anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye mashua, miguu imetanuka. Nikamuuliza kama anataka maji. Akaniuliza, "Segera tushapita?"

Nilicheka nikidhani utani. Akarudia, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu.

Nikapiga mluzi. Kiongozi mkuu akarudi akikimbia, ndiyo mara pekee nilimwona akikimbia. Akachora mstari mavumbini kwa fimbo na kumwambia Fundi autembee, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine. Hatua ya pili akaanguka ubavu. Kiongozi akasema neno moja: "Chini."

Mabishano ya dakika ishirini

Hapa ndipo tulipojiaibisha. Wale watatu wa banda la Fundi walitoa siri ya usiku, na kikao kikaanza pale pale, mita 4,300 hivi juu ya bahari, kama tuko barazani tunangoja kahawa. Mmoja alisisitiza ni malaria, ameshaanza dozi, apumzishwe Kibo mpaka homa ishuke. Dereva alisema tumeahidiana kwenda wote na kurudi wote. Mwingine aliuliza kama akishuka atarudishiwa fedha. Kila mmoja alikuwa na pumzi fupi na hasira ndefu.

Kiongozi aliwaacha wamalize, akamgeukia Mwalimu. "Mama, huyu ubongo wake unavimba. Kama ni malaria, anahitaji hospitali, na hospitali iko chini. Kama si malaria, anahitaji hewa, na hewa iko chini. Mimi sibishani na jina la ugonjwa."

Mwalimu akaamua. Fundi ashuke na msaidizi wa kiongozi. Mimi niende naye kwa sababu ndiye niliyekuwa na namba za simu za familia. Wengine waendelee na kiongozi mkuu, na atakayesema "wote" tena atashuka kwa mguu wake peke yake. Hakuna aliyesema.

Kisha tukagundua kasoro nyingine. Mtungi wa oksijeni na mkoba wa dawa vilikuwa kwa mgumu, na wagumu walikuwa wamekwisha fika Kibo. Kilichokuwa kimebebwa kwa ajili ya dharura kilikuwa saa moja mbele ya mgonjwa, na sisi tunaelekea kinyume. Kijana mmoja wa wagumu aliyekuwa amechelewa nyuma akatua mzigo wake, akakimbia Kibo kuvifuata.

Kushuka

Tulimshika Fundi mabega, mimi na msaidizi wa kiongozi, mpaka Horombo. Tulifika saa tisa. Alikuwa anajibu jina lake lakini hajui ni siku gani. Askari wa hifadhi walikuwa tayari na machela yao ya gurudumu moja, kitu cha chuma chenye tairi katikati na watu wanne hadi sita kuizunguka. Tulipokuwa tunamfunga mikanda, yule mgumu akatokea na mtungi, jasho limemgandia usoni. Fundi akavishwa barakoa.

Kutoka Horombo hadi getini ni kama kilomita 20. Machela inaruka juu ya mawe, na mgonjwa analia kila inaporuka. Giza lilituingilia vichakani. Karibu na Mandara, saa mbili kasoro, Fundi akaniita kwa jina na kuuliza viatu vyake viko wapi. Msaidizi wa kiongozi akashusha pumzi, akasema, "Huyo amerudi." Hatukusimama. Tulifika getini saa nne usiku, na kabla ya saa sita alikuwa kitandani hospitalini Moshi.

Habari iliyofika Ngamiani kabla yetu

Tulipokuwa tunamfunga kwenye machela, mtu wa kikundi kingine cha Tanga alitupiga picha akaituma WhatsApp. Hakuwa na nia mbaya, aliandika tu tuombeeni. Ilipopita kwenye makundi mawili matatu, maombi yakawa rambirambi. Mama yake Fundi aliletewa habari na jirani aliyekuja analia. Mimi nilikuwa porini, simu mfukoni, mtandao unakuja na kupotea, nimeshika mpini wa machela kwa mikono miwili. Nilipompata mama kwa simu kutoka getini tayari mikeka ilikuwa imetandikwa nje. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, nipe yeye aongee." Hakuniamini mpaka alipomsikia.

Hadi leo mama huyo akiniona huitikia salamu yangu kwa heshima tu. Namwelewa.

Matokeo

Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Daktari aliandika uvimbe wa ubongo uliotokana na mwinuko. Fundi alilazwa siku mbili, akaruhusiwa, akarudi Tanga na Kosta pamoja nasi. Wiki tatu baadaye alikimbia tena Raskazone.

Walioendelea, wanane, walilala Kibo. Sita walitoka usiku, wanne walifika Uhuru, wawili wakaishia Gilman's. Mwalimu alikuwa kati ya wale wanne, na wa mwisho kufika. Alitembea nyuma ya kiongozi usiku kucha, kofia ya mzula hadi machoni, akihesabu hatua kwa tasbihi.

Uchambuzi

Nianze na siku tano, kwa kuwa ndipo mzizi ulipo. Wanaoshughulika na tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila siku tatu au nne uwe na usiku wa kulala bila kupanda. Tazama sasa vituo vya Marangu: 2,720, 3,720, 4,720. Kila kitanda kimepishana na kingine kwa mita elfu moja. Njia yenyewe inakwenda mara mbili ya mwendo unaoshauriwa, na ule usiku wa ziada Horombo ndio breki pekee uliyonayo. Sisi tuliing'oa breki tukauza chuma chakavu. Mtu wa Tanga, tena, anaanzia sifuri kabisa. Nyumba zetu zinasikia mawimbi. Hewa ya Uhuru ina takriban nusu ya oksijeni tuliyozoea.

Nguvu za mwili hazikumlinda Fundi, na kwa maoni yangu zilimponza. Hakuna uthibitisho kwamba mkimbiaji huepuka ugonjwa wa mwinuko kuliko asiyekimbia. Tofauti ni kwamba mkimbiaji anao uwezo wa kwenda haraka, na haraka ndiyo sumu. Mwalimu, mwenye magoti yanayolia, hakuwa na hiari ila kwenda polepole. Nikimtafuta aliyejiandaa vizuri zaidi kati ya wawili hao, sasa namtaja Mwalimu.

Kuhusu siri ya banda la vijana nimefikiri sana, na sipendi kumlaumu Fundi peke yake. Tulimtengenezea mazingira ambayo kusema "naumwa" kulikuwa ghali. Miezi kumi na minne ya michango. Sifa ya kuwa wa kwanza. Picha mtaani amevaa fulana inayosema amefika mahali ambapo hajafika. Mtu aliyekwisha kupongezwa atarudi vipi kuomba radhi? Ukiongeza hapo kikao cha kura ambapo aliyetaja kuumwa alichekwa, unapata kijana anayemeza panadoli gizani. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haimtaji anayemfanya mwenzake afiche.

Mseto nao una fundisho lake. Mtu anayetoka pwani anaweza kweli kuugua malaria akiwa mlimani, kwa sababu vimelea hukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla homa haijatokea. Kwa hiyo wazo la malaria halikuwa ujinga. Kosa lilikuwa kulitumia kama ruhusa ya kuendelea kupanda. Juu ya Mandara, maumivu ya kichwa pamoja na kutapika au kukosa hamu ya kula yahesabiwe kuwa mwinuko, na asiye na nafuu asipandishe kitanda. Akiyumba, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, hashauriwi tena, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uvimbe wa ubongo unaweza kuua ndani ya siku moja.

Dawa ya kusaidia mwili kuzoea, acetazolamide, wawili wetu walikuwa wameipata kwa daktari kabla ya safari. Ni jambo la kuzungumza na daktari, hasa kwa aliyewahi kudhurika na dawa za salfa. Haifuti haja ya siku ya mapumziko.

Kilichofanya kazi: amri ya kiongozi ilisimama. Wapo viongozi ambao wateja wakipiga kelele hulegea, wakiogopa bahashishi itapungua. Huyu hakulegea, na Mwalimu hakumwacha peke yake. Kulala Marangu kulisaidia. Kuwa na wasaidizi wa kutosha kuligawa kundi bila kuliacha lisilo na kiongozi. Machela na askari wa Horombo walikuwa tayari.

Upande wa kampuni, mtungi ulikuwa mahali pasipofaa, na kipimo cha 80 kilisahauliwa. Nililiweka hilo kwenye barua na walijibu kiungwana. Lakini hata sisi hatukuwahi kuuliza, kwenye vikao vyote vile, mtungi utabebwa na nani.

Na fedha. Hospitali, gari la usiku, chakula cha anayemuuguza: hakuna hata kimoja kilichokuwa na fungu. Mweka Hazina, aliyekuwa Horombo na goti lake, alinitumia kwa simu fedha ya mafuta ya Kosta ya kurudia. Ndiyo maana Segera palikuwa na maneno.

Tulichobadilisha

Safari ya pili ilikuwa ya siku sita, na fungu la dharura lilitengwa kabla ya fungu la fulana. Kila mtu aliandika jina la mmoja wa nyumbani atakayepigiwa kwanza, na mtu mmoja tu alibaki Tanga wa kutoa habari. Anayelala kitanda cha jirani ndiye anayemjibia mwenzake maswali ya jioni. Kiongozi anamuuliza Juma habari za Ali, na Ali habari za Juma. Mtungi unatembea na wa mwisho. Na walio na watoto au wasio na haja ya kilele huenda Mandara tu kwa siku moja, wakatembea robo saa zaidi hadi kreta ya Maundi, wakaiona Kenya upande wa pili, jioni wakala ndizi Marangu.

Fundi alikwenda na hao wa Mandara. Alitembea nyuma kabisa, na mara mbili kiongozi alimgeukia kumwambia anaweza kuongeza mwendo kidogo, hakuongeza. Fulana yake ya njano iko karakana, kwenye msumari ulio juu ya pampu. Huifutia minyororo ya baiskeli.